Aliyepasuliwa naye amezaa

Huku kwetu Kivu, mama akitoka materinite na kovu tumboni, majirani wanauliza: «Ulishindwa kuzaa?» Si mzaha. Wako wanaoogopa swali hilo hadi wanakawia nyumbani na uchungu, na mtoto akikwama, kizazi kinaweza kupasuka.

Ndiyo maana wamama ambao operesheni yao ilienda vizuri tunawaomba waseme. Wasimulie sindano ya mgongo, walivyobaki macho wakasikia mtoto akilia. Daktari aliyewaeleza sababu kabla ya kuwapasua. Mtoto aliyenyonya katika saa ya kwanza, kama OMS inavyoshauri. Habari mbaya hazihitaji msaada, zinatembea zenyewe.

Hatusemi kila mtu apasuliwe. OMS ilieleza mwaka 2015 kwamba katika nchi, sezariani zikipita asilimia 10 ya uzazi, vifo havipungui zaidi.

Kinachoharibu furaha ni fakture. Serikali ilizindua uzazi wa bure Kinshasa mwaka 2023, sezariani ikiwemo. Huku mashariki, bado kuna wamama waliokwisha kupona wanaozuiliwa hospitalini na watoto wao kwa sababu ya deni. Waachiliwe.