Kontena inafuatwa na mashini tangu Dar es Salaam: juu ya nini mchuuzi wa Katana haione faida?

Manjanja, simu, betri za sola, nguo, dawa: vitu vingi vinavyouzwa kwenye soko ya Kabamba na ile ya Mudaka vilifika Afrika ndani ya kontena. Meli iliviteremsha Dar es Salaam ao Mombasa, makamio yakavipandisha hadi Rwanda, kisha vikavuka Ruzizi. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukavu ni zaidi ya kilomita 1,500, na mataifa matatu ndani ya safari moja.

Miaka hii, sehemu kubwa ya ile safari inafuatwa na kompyuta. Lakini mama anayeuza kitenge kando ya barabara ya Katana analipa bei ya juu vilevile, na mtu akimuambia "muzigo umekwama", hana njia ya kujua kama ni kweli. Shida iko wapi?

Habari inatangulia sanduku

Kontena yenyewe si kitu kipya. Tarehe 26 Aprili 1956, huko Marekani, meli Ideal X ya Malcom McLean ilibeba masanduku 58 kutoka Newark hadi Houston, na biashara ya dunia ikabadilika. Kitu kipya ni habari inayotangulia sanduku.

Kila kontena iko na alama ya herufi nne na namba saba. Herufi zinaonyesha mwenyewe na aina ya chombo, namba sita ni za kontena, na ile ya mwisho inahesabiwa kutoka zile zingine, ili mtu akikosea kuandika, mashini ijue. Kwa ile alama, kampuni ya meli, bandari, duane na mwenye kamio wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Nchi za kwetu ziliingia ndani ya ule mpango moja moja. Tanzania ilianza kutumia mashini yake ya duane, TANCIS, mwaka 2014. Mwaka ule ule, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha eneo moja la forodha: mfanyabiashara wa Kigali anaweza kutangaza muzigo wake na kulipa ushuru wakati kontena ingali bandarini. Kamio za transiti zinafungwa kufuli ya elektroniki; zikitoka njiani, ao kufuli ikifunguliwa, walinzi wanapata alama kwenye kompyuta. Na kule Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, kamio inasimama kituo kimoja tu pahali pa viwili.

Congo nayo haikukaa bure. DGDA inatumia Sydonia World, programu iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa, CNUCED. OGEFREM inaomba kila muzigo unaokuja nchini uwe na FERI, fishi ya elektroniki ya habari za muzigo. Mwaka 2015, dekreti iliweka dirisha moja la biashara ya inje. Mwaka 2022, Congo ikaingia ndani ya Jumuiya.

Mnyororo unakatika wapi

Lakini kuingia ndani ya Jumuiya ni jambo moja, kuunganisha mashini ni lingine. Kontena ya Bukavu inapita Tanzania na Rwanda kama muzigo wa njiani tu. Ikifika Ruzizi, karatasi za transiti zinafungwa, na upande wa Congo hadisi inaanza upya. Kila mara habari inapoandikwa tena, kuko nafasi ya kukosea, na nafasi ya mtu kuomba kitu ili kosa lisahihishwe.

Kuchelewa kunalipwa. Kampuni ya meli inatoa siku chache za bure, kisha inahesabu feza kila siku mpaka kontena irudi tupu pwani. Kwenda na kurudi ni kilomita zaidi ya 3,000. Ndiyo maana wengine wanafungua kontena bandarini ao Kigali, wanapanga vitu ndani ya kamio ya kawaida. Ni akili ya biashara, lakini siku ile muzigo unapoteza namba yake. Kuanzia pale unatembea na fakture, simu na neno la mtu. Kisha unagawanywa tena ndani ya depo, unapanda migongo, mitumbwi na pikipiki hadi Katana. Mashini haiko tena.

Kuko kifungo kingine: benki. Ndani ya mpango wa duane, ushuru unalipwa benki, benki inathibitisha ndani ya mashini, ndipo muzigo unaachiliwa. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 Januari 2025, Bukavu Februari 2025, na benki zikafungwa. Mashini iliyojengwa juu ya serikali moja na benki iliyo wazi haiwezi kufanya kazi vile ilipangwa. Anayelipia ile hasara mwishoni ni mununuzi.

Hata wakubwa walianguka

Tarehe 27 Juni 2017, virusi vya kompyuta NotPetya viliingia ndani ya Maersk, moja ya kampuni kubwa za meli duniani. Bandari zake zilirudia karatasi. Nakala moja ya data muhimu ilipona huko Ghana, juu umeme ulikuwa umekatika pale na mashini ilikuwa imezimika. Kwa wakaaji wa Kivu, wanaolia kila siku juu ya umeme, hiyo ni hadisi ya kuchekesha yenye fundisho: karatasi yako, itunze.

Maersk na IBM walifungua pia TradeLens mwaka 2018, ili wote ndani ya biashara ya meli wagawane habari. Novemba 2022 walitangaza kuifunga, maana ushirikiano wa wote haukupatikana. Programu ilikuwepo, utayari wa kugawana habari ndio ulikosa. Ruzizi nayo inaumwa ugonjwa ule ule.

Mchuuzi afanye nini?

Wachuuzi wengi wanaunganisha feza na kumuachia mutu mmoja awaletee vitu ndani ya kontena moja. Kabla ya kutoa feza, wamuombe namba ya kontena na nakala ya hati ya meli. Kwa ile namba, mtu mwenye simu na mega kidogo anaweza kuangalia bila kulipa, kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, kama kontena iko baharini, imeteremshwa, ao imetoka bandarini. Kontena ikifunguliwa njiani, waombe tarehe, pahali, na namba ya plake ya kamio iliyochukua vitu.

Hiyo haitapunguza ushuru wala kufungua benki. Lakini yule anayesema "muzigo umekwama Dar" wakati kontena ilikwisha kurudi tupu, hatapata tena pa kujificha.