Je, Njiwa Naye Alijua Kuwa ni Mchezo?



Mzazi mmoja ametuletea swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Siku ya Idi aliwachukua wanawe kwenda kutazama mazingaombwe. Mchezaji alitia mkono katika koti lake akatoa njiwa mweupe, kisha wa pili, kisha wa tatu, na watu wakapiga makofi. Walipokuwa wakirejea nyumbani binti yake mdogo akamwuliza: "Baba, wale njiwa nao walijua kuwa ni mchezo?" Baba akakosa jawabu. Sasa atuuliza sisi: je, alikosa kuwapeleka?

Hukumu ya mazingaombwe yenyewe, na mpaka ulioko baina ya wepesi wa mikono na uchawi, ina wanavyuoni wake, na yatupasa kuwauliza wao. Leo twataka kusema juu ya yule aliyeuliziwa na mtoto, yaani mnyama aliyemo mchezoni.

Katika miaka ya 1870 Mfaransa mmoja, Buatier de Kolta, aliwaonyesha watu wa Ulaya mchezo uliowastaajabisha sana. Mchezaji husimama ameshika tundu dogo kwa mikono miwili, na ndani yake mna ndege. Mara tundu na ndege hutoweka, na mikono yake i mitupu. Siri yake ni hii: tundu hufanywa liweze kukunjika, na hufungwa kamba iliyopita ndani ya mkono wa koti. Mchezaji akinyosha mikono kwa ghafula, kamba hulivuta tundu, nalo hukunjika na kuingia ndani ya koti upesi kuliko jicho liwezavyo kufuata. Fikirini basi hali ya kiumbe aliye hai ndani ya tundu linalokunjika namna hiyo! Akivunjika bawa, au akifa, nani atajua? Koti lasitiri yote, na ndege mwingine wa rangi ile ile hakosekani sokoni.

Lakini watu walianza kuuliza. Mwaka 1921 kamati ya Bunge la Uingereza ilikaa kuchunguza habari za wanyama wa michezoni. Carl Hertz, mchezaji wa Kimarekani aliyejulikana kwa mchezo huo wa tundu, aliufanya mbele ya kamati ili athibitishe kuwa ndege wake hutoka mzima. Kisha mwaka 1925 ikatoka sheria iliyowalazimisha wafunzao na waonyeshao wanyama kujiandikisha, na ikawapa polisi ruhusa ya kuingia kukagua. Baadaye wachezaji wengi wa tundu wakatumia ndege wa bandia, wala mchezo haukuharibika. Basi tuzingatie: mlango wa uchunguzi ulifunguliwa na swali la watazamaji.

Njiwa wa koti naye ana mashaka yake. Aghalabu hufungwa mabawa kwa kitambaa akawekwa kifuani, gizani, katika joto la mwili na la taa, hata wakati wake ufike. Sungura akitolewa kofiani huonekana ametulia, na watu husema kuwa amezoea. La! Sungura ni mnyama wa kuwindwa; aghalabu akishikwa na hofu huganda kimya. Tuonacho kuwa ni utulivu huenda ikawa ndiyo khofu yenyewe.

Wala wakubwa hawakusalimika na mambo haya. Tarehe 3 Oktoba 2003, mjini Las Vegas, Roy Horn alishambuliwa jukwaani na chui milia mweupe aliyekuwa akimchezesha miaka mingi. Alinusurika kifo lakini alipooza sehemu ya mwili, na maonyesho yale mashuhuri yakafungwa. Mnyama hasomi mkataba wetu, wala makofi yetu si lugha yake.

Dini yetu haikumkataza mtoto kufurahi na ndege. Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa habari zake. Lakini imepokewa na Abu Daud kwamba Masahaba walipochukua makinda mawili ya ndege safarini, na mama yao akaja akipapatika, Mtume aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warudishwe. Na Ibn Umar alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga mishale kwa mchezo, aliwakemea, akawaambia kuwa Mtume amemlaani afanyaye hivyo.

Huenda mtu akasema: "Mbona twawala nyama zao?" Naam, twala, kwa haja na kwa ruhusa ya Mola wao. Hata hapo tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Ikiwa katika kuchinja tumeamrishwa huruma, basi katika kuchekeshwa tutatoa udhuru gani?

Kwa hiyo twamjibu mzazi yule: aliyekwenda bila ya kujua si sawa na aliyejua akanyamaza. Tangu leo, uliza kabla ya kutoa fedha yako: wanyama hukaa kotini muda gani? Hulala wapi? Je, mchezo hauwezi kufanywa bila wao? Mchezaji mwema atajibu kwa furaha. Anayekasirika, basi hasira yake ndiyo jawabu. Sarafu, leso na kipande cha uzi vyatosha kumstaajabisha mtoto, navyo havina roho.

Nanyi vijana, msidhani kuwa maneno haya ni ya majukwaani tu. Paka aliyefungwa kopo mkiani, kifaranga anayerushwa hewani, mnyama anayetishwa ili apigwe picha ya kuchekesha kwenye simu, wote hao wamo katika mchezo wasioujua.

Katika mazingaombwe mchezaji ajua kuwa anadanganya, na watazamaji wajua kuwa wanadanganywa, na wote wameridhika. Mnyama pekee ndiye asiyejua. Basi ewe baba, mjibu binti yako kwa ukweli: "La, mwanangu, hawakujua. Kwa hiyo sisi tunaojua ndio tutakaoulizwa."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye huruma. Amin.