Viwanda twavitaka, lakini si kwa gharama ya afya zetu



Kila pakizungumzwa ukosefu wa ajira Pwani, jawabu ni lile lile: punguzeni masharti, wapeni wawekezaji afueni ya kodi, na viwanda vitakuja. Wengine wanapinga, wanasema mwekezaji akilegezewa kamba atakula faida aende zake. Sisi vijana Waislamu tuko wapi kwenye mjadala huu? Kunyamaza hatuwezi. Wasio na kazi ni sisi, na viwanda vikija vinajengwa mitaani mwetu.

Tuseme ukweli kwanza. Kuna masharti ambayo ni mzigo tu. Kijana wa Majengo au Kisauni anayetaka kutengeneza halua na kuiuza madukani anahitaji leseni ya kaunti, cheti cha afya, karatasi ya zimamoto, alama ya ubora ya KEBS na hesabu za KRA. Kila ofisi ina foleni yake na ada yake. Wengi huchoka kabla hawajauza hata kilo moja.

Sasa mtazame mwekezaji mkubwa. Akiingia EPZ, halipi kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya kwanza. Akiingia ukanda maalum wa kiuchumi, chini ya sheria ya 2015, analipa asilimia 10 kwa miaka 10, ilhali kampuni ya kawaida inalipa asilimia 30. Barabara na umeme anawekewa, na kuna mamlaka maalum ya kumshughulikia. Kumbe serikali inajua kurahisisha mambo. Swali ni inamrahisishia nani.

Lakini kuna masharti ambayo hayafai kuguswa, na sisi wa Mombasa tuna ushahidi wake. Pale Owino Uhuru, Changamwe, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kilikuwa na leseni ya EPZ. Moshi na maji yake machafu yakaingia majumbani, watoto wakapatikana na sumu ya risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, alipaza sauti baada ya mwanawe mwenyewe kuathirika. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na sehemu kubwa zaidi ya lawama, asilimia 40, ikabebeshwa NEMA, shirika lililotakiwa kuwalinda. Rufaa ikaipindua hukumu hiyo 2023. Ilibidi wangoje hadi Disemba 2024, Mahakama ya Juu ilipoirudisha.

Hebu fikiria: miaka 10 tangu kiwanda kufungwa, na watu bado wako kortini. Hiyo ndiyo bei ya kulegeza pale pasipofaa kulegezwa. Na sheria ilikuwepo, tangu 1999. Hakukuwa na wa kuisimamia.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Makaratasi yanayomchosha mdogo yapunguzwe. Sheria zinazolinda hewa, maji, ardhi na mshahara wa mfanyakazi zibaki, na zisimamiwe. Katika dini yetu, kuzuia madhara kunatangulia kutafuta faida. Kazi inayomtia mtoto sumu si neema.

Na msaada je? Tunautaka, lakini uwe msaada tunaoweza kuupokea. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kijana anayeogopa riba amefungiwa mlango na serikali anayoilipia kodi. Benki za Kiislamu zimekuwepo nchini tangu 2008, kwa hivyo njia ya kugawana faida na hasara inajulikana. Kuiingiza kwenye hazina za umma ni uamuzi tu.

Jambo hili haliko mbali. Dongo Kundu, kule Likoni, kunajengwa ukanda maalum wa kiuchumi kwenye takribani ekari 3,000. Tunaiunga mkono miradi kama hii, kwa masharti matatu. Ripoti za athari kwa mazingira zifikishwe kwa wakazi kwa lugha wanayoielewa. Waliokuwa kwenye ardhi walipwe haki yao kabla ya kuondolewa. Na mikataba itaje kazi ngapi, na mafunzo gani, yatawafikia vijana wa hapa, sio ubawabu na kufagia peke yake.

Katiba iko nasi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba taarifa, na cha 42 haki ya mazingira safi. Ukisikia kikao cha maoni ya umma, nenda. Uliza kiwanda kinatengeneza nini, taka zake zinakwenda wapi, nani anakikagua. Ukinyimwa jibu, tuandikie hapa kwenye ukurasa, tulifuate pamoja.

Wabillahi tawfiq.