Pikipiki ya Vita Ilipogeuka Chombo cha Nyumbani

Juma hili twazungumzia kitu ambacho huenda wengine wakakiona kigeni katika ukurasa wa familia, nacho ni pikipiki kuukuu za jeshi. Tunaomba mtuvumilie, kwani ndani ya habari za vyuma hivi mna habari za mume, mke na watoto, na za namna mja anavyokitumia kile alichoruzukiwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, jeshi la Uingereza lilibaki na pikipiki nyingi mno zisizokuwa na kazi. Kiwanda cha BSA cha Birmingham peke yake kilikuwa kimetengeneza zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20 kwa ajili ya vita, na kiwanda cha Norton karibu 100,000 za aina ya 16H. Zilizotoka viwandani baada ya hapo zilipelekwa ng'ambo kwa wingi, maana nchi ilikuwa na madeni na ilihitaji fedha za kigeni. Petroli nayo iligawanywa kwa kipimo hadi Mei 1950. Kwa mtu wa kipato cha kawaida aliyetaka chombo cha kumfikisha kazini, mlango uliokuwa wazi ni kununua pikipiki iliyokwisha kutumika jeshini.

Lakini chombo hicho hakikuundwa kwa ajili ya raia. M20 ilikuwa nzito, na injini yake ya sentimita za ujazo 496 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 13 tu. Haikuwa ya mbio. Sifa yake ilikuwa ni kuvuta na kuvumilia. Taa yake ya mbele ilizibwa kwa kifuniko chenye mwanya mwembamba, ili ndege za adui zisiuone mwangaza. Zile zilizokusudiwa majangwani zilifungwa chujio kubwa la hewa juu ya tangi, na tangi lenyewe likaundwa na pengo la kulipa nafasi. Kwa kuwa mpira ulikuwa adimu wakati wa vita, baadhi yake zilitoka na vishikio vya turubai na vikanyagio vya chuma kitupu. Gurudumu la nyuma lilikazwa katika fremu bila springi, na mpandaji aliachiwa springi za kiti chake peke yake.

Wenyewe wapya walianza na rangi. Kijani na hudhurungi ya jeshi zikafunikwa kwa rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva. Kifuniko cha taa kikang'olewa, chujio la jangwani likatupwa, vishikio vya mpira vikarudi. Waliokuwa na uwezo walipeleka fremu kwa mafundi ikatiwa springi za nyuma.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa ni kufunga kigari cha pembeni. Mume huendesha, mke huketi ndani ya kigari na mtoto mapajani, na pengine mtoto mkubwa hukaa nyuma ya baba yake. Ili injini iweze kuuvuta mzigo huo, fundi alilibadilisha gurudumu la meno la upande wa injini linaloshika mnyororo, akaweka lenye meno machache zaidi. Mwendo ukapungua, nguvu za kuvuta zikaongezeka. Chombo kilichowahi kubeba barua za makamanda sasa kikabeba kapu la sokoni na mtoto aliyelala usingizi.

Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko Harley-Davidson ilikuwa imetengeneza pikipiki za vita karibu 90,000, zikiwa na sanduku la risasi na ala ya bunduki kando ya gurudumu la mbele. Vijana wengi walioirithi WLA hiyo hawakuongeza kitu, bali walipunguza. Waling'oa madigadi ya mbele na kuikata ya nyuma, wakatoa kila kizito ili ipate kwenda mbio. Chombo kilikuwa cha vita kwa wote wawili, ila mmoja alikipakia familia na mwingine akakipunguza kwa ajili ya nafsi yake. Ukiyatazama mabadiliko ya mtu, waweza kulijua lile analolitafuta.

Baadaye magari madogo ya bei nafuu, kama Mini ya mwaka 1959, yaliziondoa pikipiki za vigari barabarani. Nyingi ziliozea vibandani. Kisha wakaja wakusanyaji wa vyombo vya kale, na kwao thamani iko katika hali ya kijeshi. Leo kifuniko cha taa kilichotupwa kama takataka chatafutwa kwa bei kubwa. Rangi ya nyumbani yakwanguliwa, kigari chafunguliwa, kijani charejeshwa.

Hatuwalaumu wanaotaka kuwakumbuka askari waliozipanda. Lakini twauliza: katika umri wa pikipiki ile, vita vilichukua miaka mingapi, na nyumba ilichukua mingapi? Askari ana picha zake na makumbusho yake. Mama aliyeketi katika kigari hana ushahidi mwingine ndani ya chuma kile isipokuwa matundu ya skrubu mahali kigari kilipofungwa. Yakizibwa na kupakwa rangi, habari yake imefutwa.

Lipo na jambo la amana. Pikipiki iliyokusanywa kutoka vipande vya nyingine tatu, kisha ikapakwa kijani na kuuzwa kama iliyotoka vitani ilivyo, ni ghushi. Twakumbuka Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta majimaji chini, akamfundisha muuzaji kukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Kubadilisha kitu si kosa, wala kukirudisha katika hali yake ya kwanza si kosa. Kosa ni kuificha habari yake.

Nasi huku pwani tuna ya kujifunza. Mwenye bodaboda anayerefusha kiti na kufunga mwavuli afanya kama yule baba wa Birmingham: achukua chombo kilichoundwa na mwingine na kukifanya kiifae riziki yake. Na katika nyumba zetu vimo vyombo vya wazee: cherehani iliyobadilishwa mguu, kabati lililokatwa lipite mlangoni, baiskeli iliyoongezwa keria. Kabla ya kukipeleka kwa fundi kikafanywa kipya, mpige picha kilivyo. Mwulizeni bibi ni nani aliyekikata na kwa nini, na watoto waandike jibu lake. Vyuma hupatikana tena madukani, lakini jibu la bibi halipatikani kwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuvitumia vyema alivyoturuzuku, na kusema kweli juu yavyo tunapovikabidhi kwa wengine. Wabillahi tawfiq.