Chungu cha Mtu Mmoja

Kiswahili kina msamiati tele wa kuingilia katika ndoa: posa, mahari, nikahi, kungwi, fungate. Kina maneno pia ya siku za mwanzo baada ya ndoa kukatika, kwa kifo au kwa kuachana: talaka, eda, kizuka. Mtu akishatoka eda, lugha hunyamaza, na fasihi yetu aghalabu hunyamaza nayo. Makala haya yanadai kwamba kimya hicho kina madhara, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kukwepa lawama.

Nilipoitaja mada hii katika semina, mwenzangu mmoja alinishauri niipeleke kwa walimu wa upishi. Tulicheka sote, nami nikiwemo. Nairejelea kwa sababu ya shangazi yangu wa Msambweni.

Shangazi aliishi na mumewe miaka 34. Alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, kama sheria ya Kiislamu inavyomwagiza mjane, huku jamaa wakimhudumia. Taabu ilianza jamaa walipotawanyika. Mkono wake ulikwisha kuzoea kipimo. Aliendelea kukuna nazi nzima, na kwa kuwa hana jokofu, tui lililobaki likachacha kabla ya jioni. Mchele aliupika kwa kibaba kile kile cha zamani, kisha akagawia watoto wa majirani. Kichwa cha samaki, ambacho siku zote kilikuwa cha mumewe, alikitenga na kukifunika, kisha akaketi akikitazama kana kwamba anasubiri idhini ya kukila. Usiku aliamka kwenda kuhakikisha kwamba mlango umekomewa, maana kazi hiyo haikuwa yake. Aliniambia kuwa machozi yalikauka mapema. Mazoea ndiyo yaliyokataa kuondoka.

Wanawe walimtaka ahamie kwao Ukunda. Nakiri kwamba niliwaunga mkono, tena kwa maneno ya kisomi. Alikataa katakata. Aliafikiana na jirani yake, mtalaka aliyerudi kwao baada ya ndoa ndefu, wawe wakivunja nazi moja kwa siku, kila mmoja achukue kizio chake. Leo anunue huyu, kesho yule. Alinunua pia sufuria ndogo. Chungu kikubwa hutoka kukiwa na hitima au harusi.

Je, maarifa haya yameandikwa wapi? Utendi wa Mwana Kupona tunaufundishwa kama hazina ya mawaidha ya mke kwa mumewe. Mara chache tunakumbushwa kwamba Mwana Kupona alipoutunga mwaka 1858 alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki takribani miaka miwili kabla. Alimuusia binti yake namna ya kuishi na mume. Namna yeye mwenyewe alivyoendesha nyumba bila mume, hakutuachia. Shaaban Robert naye alimlilia mkewe Amina kwa ushairi, lakini kuomboleza ni jambo moja na kujipikia ni jingine.

Upande wa wanaume hali ni mbaya zaidi, na hapa naona lugha yenyewe ina hatia. Mwanamume akioa, twasema amepata jiko. Basi akifiwa au akiachana na mkewe baada ya miongo mitatu, amepoteza nini? Kwetu Kwale nimewaona wazee wa namna hiyo: asubuhi chai ya kibandani, mchana sahani iliyofunikwa kutoka kwa mke wa mwana, usiku wanalala na njaa kwa kuona haya kuomba. Mwanamume hakai eda, kwa hiyo mashauri ya kumtafutia jiko jingine huanza kabla matanga hayajasahaulika. Hakuna anayemwonyesha jinsi ya kuchuja tui. Hata jina hatumpi. Neno mgane limo kamusini, lakini nyumbani sijapata kulisikia kinywani mwa mtu. Na mtalaka, aghalabu, ni mwanamke tu, kana kwamba talaka humwacha mwanamume mzima kama alivyokuwa.

Kuna watakaosema kuwa mambo haya ni ya faragha na kwamba mtafiti hana ruhusa ya kufungua chungu cha mtu. Nakubali kwamba ipo haja ya staha. Hata hivyo, tumezifuata nyimbo za unyago hadi ndani, tukaziandikia tasnifu. Anayetafuta mada na avuke feri ya Likoni, apite Diani hadi Msambweni, awasikilize waliotoka katika ndoa ndefu wakieleza siku zao. Atapata masimulizi, na pengine maneno ambayo kamusi zetu hazijayasajili.

Likizo iliyopita Shangazi alinipikia katika ile sufuria ndogo. Wali haukututosha. Alicheka, akaninyooshea kidole kama kwamba kosa ni langu kwa kuja bila taarifa, tukamalizia kwa chai na mahamri.