Neema Haina Bei

Neema ni msaada anaotupatia Mungu bure ili tuwe wanawe. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hakuna chochote kinachotangulia kuhesabiwa haki kwetu, iwe imani au matendo, kinachotustahilisha neema hiyo.

Hata hivyo, twasikia waamini wakisema: "Sijatoa zaka miaka mitatu, nitamwendeaje padre kuomba mtoto wangu abatizwe?" Maneno hayo yanatuhuzunisha. Mtoto mchanga anayeletwa kwenye kisima cha Ubatizo hana stahili wala mchango, hana hata neno la kusema; naye Mungu humfanya mwana wake. Ndivyo tulivyopokelewa sisi sote. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, yaagiza kwamba maskini wasikoseshwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya ufukara wao.

Je, basi tuache kutoa zaka? Hasha! Zaka ni shukrani ya aliyekwisha kupokea, wala si kiingilio. Kwa hiyo, tukutanapo katika jumuiya zetu, tumwambie jirani anayesita: mlete mtoto.