Sumaku, Nyundo na Miamba ya Kale

Tangu ndege za uchunguzi ziliporuka juu ya nchi yetu mwishoni mwa miaka ya 1970 kupima usumaku wa miamba, imekuwapo fikra kwamba kazi ya kutembea porini kwa nyundo na dira imepitwa na wakati. Fikra hiyo haina budi kupingwa, hasa shuleni, ambako wanajiolojia wa kesho wanalelewa.

Tuitazame kwanza miamba yenyewe. Katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma na Singida hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, umelala mwamba wa msingi, aghalabu matale, ambao umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Mashariki yake unapita ukanda ambao Arthur Holmes, katika andiko lililochapishwa mwaka 1951, aliuita Ukanda wa Msumbiji. Milima ya Pare, Usambara na Uluguru imo ndani yake. Huko miamba ilibanwa na kupata joto kali katika vina virefu, mara ya mwisho kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, hata ikawa naisi yenye milia myeusi na myeupe. Mwelekeo wa kila mlia, na jinsi ulivyoinama, ni ushahidi wa mbano huo.

Magnetiti, ambayo ni madini ya chuma, hubadili kidogo nguvu ya sumaku ya dunia mahali ilipo. Kwa hiyo magnetometa iliyo katika ndege huweza kuufuata mkunjo wa mwamba hata pale ulipofunikwa na udongo. Faida hiyo ni kubwa, wala siidharau. Lakini ramani ya sumaku haijisomi yenyewe.

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa katika nchi za kaskazini, ambako mistari ya nguvu ya sumaku huingia ardhini karibu wima, na mwamba wenye magnetiti huonekana ramanini kama kilele. Kwetu, karibu na ikweta, mistari hiyo imelala zaidi. Mwamba ule ule waweza kuonekana kama bonde, na tabaka lililonyooka kaskazini–kusini hufifia. Nayo miamba mingi ya Ukanda wa Msumbiji imenyooka hivyo hivyo! Hesabu husaidia kusahihisha, lakini anayepima mlia kwa mkono wake ndiye anayethibitisha.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mwamba wa msingi hauna vitundu vya kuhifadhi maji kama mchanga. Maji hukaa katika sehemu yake iliyochakaa na katika mipasuko. Mji wa Dodoma umeyategemea kwa miaka mingi maji ya visima vya Makutupora, yaliyomo katika mwamba wa namna hiyo. Sasa, mstari mmoja mwembamba katika ramani ya sumaku waweza kuwa mpasuko ambao magnetiti yake imeharibiwa na maji, ama waweza kuwa ukuta wa doleriti uliopenya katika mwamba wa kale. Kisima kilichochimbwa kwa kubahatisha kati ya viwili hivyo chaweza kutoka kikavu, na gharama yake hubebwa na kijiji.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: shule iliyo karibu na jabali la naisi inayo maabara tayari. Wapelekeni wanafunzi na dira, pima-pembe na uzi wenye kitu kizito. Wapime mwelekeo na mwinamo wa milia mahali ishirini, wauchore kwenye karatasi, kisha waulize mkunjo unaelekea wapi. Waangalie pia kama dira inayumba, maana mwamba wenye magnetiti nyingi huipotosha. Na hilo nalo ni somo la usumaku. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya hivyo ataisoma ramani ya ndege kwa akili yake mwenyewe, naye atajua ni wapi aitilie shaka.